Msiitafune Kahawa ya Clavery

Kijiweni Rwamishenye walisema Mungu alipokuwa anagawa midomo, Rwekaza alipanga foleni mara mbili. Abiria walimpenda kwa hilo. Mtu angepanda pikipiki yake ana uso wa msiba, akashuka amesahau amefiwa na nani. Na ni kwa ajili ya mdomo huohuo kwamba Rwekaza alikuwa hafungi mkanda wa kofia. Kofia ngumu alivaa, tena nzuri, nyekundu, ya kufunika mpaka masikio. Lakini ule mkanda wa kidevuni aliuacha unaning'inia kama sharubu za kambare, maana ukifungwa unabana taya, na taya kwa Rwekaza lilikuwa kitendea kazi.

"Kofia isiyofungwa ni ungo, bwana," Twaibu, mwenzake wa kijiweni, alikuwa akimwambia. "Upepo ukija inakwenda zake."

"Ikienda nitaikimbiza. Kwani ina miguu?"

Trafiki waliwahi kuja pale kijiweni kutoa somo. Afande mmoja mwenye tumbo la heshima na sauti ya besi aliwapanga kivulini, akawaeleza mambo ya kufanya mtu akishaanguka. Usikurupuke kuinuka. Usikubali kuvutwavutwa kama gunia la mihogo, subiri wakubebe umenyooka. Gari lisiondolewe lilipo kabla askari hawajapima. Mwenye simu apige picha. Na kubwa kuliko yote, usiyamalize kienyeji kabla polisi hawajaandika nani alimkosea nani, kwa sababu bima ya gari haina habari na mtu aliyekwisha kusamehe.

Rwekaza aliyashika yote. Hakuyashika kwa kuyaheshimu, aliyashika ili amwige afande. Siku nyingi baadaye alikuwa bado anapanda juu ya tofali, anatanguliza tumbo ambalo hana, ananguruma, "Usikurupukeee!" na kijiwe kizima kinashika mbavu. Kwa hiyo hapakuwa na dereva wa bodaboda Bukoba nzima aliyejua kumzidi namna ya kujilinda baada ya ajali. Shida ni kwamba alijua kwa mdomo.

Ajali ilimkuta njiani akienda Muleba kumsalimia mama yake, Anatolia. Asubuhi, lami kavu, Rwekaza yuko kushoto kwake kama sheria inavyotaka, anaimba peke yake. Kwenye kona ya mlimani, ng'ambo ya Muhutwe, lori la ndizi lilikuwa linashuka kwa adabu, na nyuma ya lori kulikuwa na gari dogo jeupe lililochoka na adabu hiyo. Likachomoka kulipita lori palepale kwenye kona. Rwekaza aliona taa, akaona mtu nyuma ya usukani kaachama kama anayepiga miayo, akaivuta pikipiki kuelekea mtaroni. Hakuwahi. Kofia nyekundu ndiyo iliyowahi, ilimwacha angali hewani ikatangulia kufika.

Alipofumbua macho alikuwa chali majanini, anatazama mbingu, na mguu wa kulia uko mahali ambapo mguu haukai. Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka migombani. Akakumbuka somo lote, neno kwa neno, mpaka lile tumbo. Akataka kusema, "Jamani, msinivute." Kilichotoka ni damu na sauti ya ndama. Taya lilikuwa limevunjika pande mbili.

"Yu hai! Mwinueni apate hewa!" alipiga kelele mama mmoja mwenye jembe.

"Mpeni soda, kapoteza nguvu!"

Wakampa soda. Ilimwagikia masikioni. Wanaume wawili, Mungu awabariki na asiwatume tena, wakamshika makwapani wakamsimamisha juu ya mguu uleule, wakashangaa kwa nini hasimami.

"Simama, kijana! Jikaze!"

"Wa siku hizi wamelegea kweli."

Mkono wa kulia haukunyanyuka, bega lilikuwa limekatika mtulinga. Ulikubali wa kushoto. Rwekaza akaunyoosha kwa nguvu zake zote, akaonyesha lile gari jeupe. Lilikuwa bado limesimama upande wake yeye wa barabara, matairi mawili kwenye majani yake yeye, mahali ambapo hata mtoto angeuliza limefuata nini huku. Alitaka walitazame. Watazame tu, wakumbuke.

"Anaonyesha gari," akasema mmoja.

"Anaomba apelekwe kwa gari! Wewe mwenye gari, humwoni mwenzio anakuomba?"

Mwenye gari, mtu wa makamo mwenye shati la mikono mirefu, alikuwa anatetemeka kuliko majeruhi. "Ndiyo waitu, ndiyo ndugu zangu, mleteni," akasema. Rwekaza akatikisa mkono kukataa. Wakaona ni shukrani. Wakamkunja kiti cha nyuma kama nguo, mguu ukalia *ka!*, naye akazimia. Hivyo ndivyo ushahidi wake ulivyowasha injini ukampeleka hospitali. Mchana mvua ikanyesha ikamalizia vioo na michirizi ya matairi. Askari walipofika walikuta kona safi, imeoga.

*

Hospitalini walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, ili taya litulie. Mkono wa kulia ukafungwa kifuani. Mguu ukainuliwa, ukatobolewa na kupitishwa chuma chini ya goti, ukaning'inizwa kamba yenye uzito mwishoni mwa kitanda. Ukimwona kwa mbali ungedhani ni mtambo wa kuchotea maji.

Daktari, mama mmoja asiyepoteza maneno, aliwaita Anatolia na Lilian, dada yake Rwekaza, akasema nao karibu na kitanda.

"Paja limevunjika vipande. Hapa tunalivuta tu lisizidi kuharibika. Likiachwa hivi litaunga, lakini litaunga fupi, na goti halitakunja. Anatakiwa Mwanza, wakamwekee chuma ndani. Na si jambo la kungoja sana, mfupa hausubiri vikao."

"Mwanza tutafikaje, daktari?" Anatolia aliuliza. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na kibanja hakipandi meli.

"Gari lililomgonga lina bima?"

"Linayo," akasema Lilian. "Nilikiona kibandiko kiooni."

"Basi hakikisheni polisi wanaandika kilichotokea. Aliyemgonga akikiri mbele ya polisi, bima itabeba. Asipokiri, sijui."

Rwekaza alisikia kila neno. Masikio hayakuwa yamefungwa waya.

Twaibu akaja na ujumbe wa kijiwe, maziwa ya mtindi na mirija mingi.

"Kijiwe kimepoa," alimwambia. "Jana palikuwa kimya mpaka nikasikia tumbo langu likiniita kwa jina. Abiria wanauliza yuko wapi yule kasuku. Nikasema kawekwa waya, sasa anashika stesheni za Uganda."

Rwekaza alicheka kwa pua, machozi yakamtoka. Akaomba simu ya Lilian, kwa kuwa ya kwake ilibaki mtaroni, akaandika kwa dole gumba la kushoto: *Usinichekeshe. Nauma.*

"Unauma au unaumwa?"

*Vyote. Niletee afande.*

Twaibu alikwenda kwa afande. Afande akasema atakuja kuchukua maelezo, lakini kwa sasa ana maelezo ya upande mmoja tu, na upande huo unasema wawili walikutana kwenye kona, bahati mbaya. Na bodaboda akikutana na gari kwenye kona, alisema Twaibu kwa sauti ndogo, watu wanajua tayari nani alikuwa anakimbia.

Upande huo mmoja uliitwa Clavery. Mzaliwa wa Ngenge, ana duka la misumari na mabati, mtu wa kanisani. Na balaa lake kubwa ni kwamba alikuwa mtu mwema. Angekuwa jeuri, kazi ingekuwa rahisi. Lakini Clavery alikuja kila alasiri na chupa ya uji wa ulezi alioupika mkewe, akamsalimia Anatolia kwa kuinama kama mkwe, akakusanya nguo chafu za mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Wagonjwa wa vitanda jirani wakaanza kumwonea Rwekaza wivu kwa kugongwa vizuri namna ile.

"Kuna wanaogonga wakakimbia," Anatolia alimwambia mwanawe akimfuta jasho. "Huyu kakuokota. Huyu ana utu."

Rwekaza akaandika: *Kaniokota alikoniangusha.*

Mama hakuwa na miwani. Lilian alimsomea. Anatolia akasonya taratibu, kama mtu aliyesikia mtoto akitukana mgeni.

*

Siku afande alipoahidi kuja, baba mkubwa alitangulia. Ndyamukama, kaka wa marehemu baba yao, aliingia wodini na kanzu, koti juu yake, na fimbo. Clavery alikuwa nyuma yake, na leo hakubeba uji peke yake. Alibeba na kifurushi kidogo cha majani makavu ya mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, ncha zimekatwa vizuri.

Rwekaza akakiona.

Akamwani. Kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Nyumbani kwa Ndyamukama mgeni asipopewa punje mbili tatu hajakaribishwa, hiyo ni kawaida. Lakini katika ukoo wao kahawa iliyoletwa na mkosaji ni habari nyingine kabisa. Mkosaji huja nayo, hupiga magoti, hukiri kosa lake lote bila kuficha, kisha humpa mkubwa wa ukoo. Mkubwa akiipokea akatafuna, neno limekufa. Halifufuliwi barazani, halifufuliwi kwa mjumbe, halifufuliwi mahakamani. Babu yao aliwahi kukaa maisha yake yote jirani na mtu aliyemchomea migomba, hakumsemea hata kwa mbuzi, kwa sababu walitafuna.

Rwekaza aliinyakua simu mapajani kwa Lilian. Dole gumba likakosea, likafuta, likaandika tena: *WASITAFUNE. Kwanza polisi.*

Lilian aliruka kutoka kwenye benchi. "Tata, samahani waitu. Rwekaza anasema msitafune. Anasema kwanza aje afande."

Ndyamukama alimgeukia polepole. "Tangu lini mgonjwa anawapangia wakubwa chakula?"

"Si chakula, Tata. Daktari kasema mguu wake—"

"Nshomile huyu!" Ndyamukama akamwambia Clavery, akitabasamu kama anayeomba radhi. "Wamesoma, basi kila kitu wanajua wao. Kaa chini, binti. Mtu amekuja na magoti yake, utamwambia arudi nayo nyumbani?"

Clavery alipiga magoti pale sakafuni, kati ya kitanda na ndoo ya uchafu.

"Wazee wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa inapasuka, "mimi ndiye niliyekosa. Nililipita lori kwenye kona. Nilikuwa nawahi kufungua duka. Kijana alikuwa upande wake, anakwenda zake taratibu. Nilimfuata kwake nikamwangusha. Sijalala tangu siku ile. Nawaombeni."

Kila kitu. Alikisema chote, wazi, kwa kilio, mbele ya watu. Ndilo neno ambalo Rwekaza alikuwa analisubiri tangu alipofumbua macho majanini. Akaitafuta simu ili arekodi, kumbe Lilian alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili, naye analia. Akamvuta nguo. Lilian akadhani anataka kushikwa mkono, akamshika mkono.

"Umesikia, mwanangu?" Ndyamukama alisema, uso umeng'aa. "Amekiri! Mwanaume mzima, na duka lake! Unataka nini tena duniani?"

Rwekaza alitaka Clavery ayaseme vilevile nusu saa baadaye, mbele ya afande. Hicho tu. Alinguruma kupitia waya, na kila mtu akamtazama kwa huruma.

Kifurushi kikafunguliwa. Ndyamukama akatwaa punje, akatia kinywani, akatafuna. Anatolia akapokea ya kwake kwa mikono miwili, akamtazama mwanawe, akaangalia chini, akatafuna. Clavery akatafuna akiwa bado magotini. Sauti ya kahawa kavu inavunjika menoni ni ndogo sana, lakini Rwekaza aliisikia mpaka kwenye paja.

Afande akaingia.

Alikuwa yuleyule wa somo la kijiweni, tumbo lilelile, sauti ileile. Jalada kwapani. "Habari za hapa? Nimekuja kwa maelezo ya majeruhi."

"Karibu, afande," Ndyamukama alisema. "Umechelewa kidogo tu. Sisi tumeshayamaliza kifamilia. Karibu kahawa."

"Niko kazini, mzee," afande akasema, akaichukua punje akaitia mfuko wa shati. Akamgeukia Clavery. "Ehe. Ilikuwaje?"

Clavery alikuwa amesimama, anajifuta magoti. Alimtazama Ndyamukama. Alimtazama Anatolia. Kisha akatazama viatu vya afande. "Kama nilivyoandikisha, afande. Tulikutana kwenye kona. Bahati mbaya."

"Mwongo!" Lilian akapiga kelele. "Sasa hivi amekiri hapa! Mae, mama yangu, sema! Tata, sema!"

Wagonjwa wa vitanda jirani wakagundua dari. Mzee Ndyamukama alikuwa bado anatafuna, kwa utulivu, kama mtu anayelinda kitu kinywani.

"Binti," hatimaye akasema, "lililosemwa juu ya kahawa linabaki kwenye kahawa."

Afande alikohoa. Hakuwa mgeni wa nchi ile, alielewa yote. Akasogea kitandani, akainama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Kijana. Wewe ni mtu mzima. Majeruhi ni wewe, siyo wao. Ukiniandikia hapa kwamba hukubali, nitalifungua upya, na huyu bwana na mashahidi wa wodi hii nitawahoji mmoja mmoja. Ukikubali, nalifunga leo. Unasemaje?"

Lilian akamwekea simu mkononi. Kioo kinawaka. Rwekaza aliweka dole gumba. Akaandika *Si*.

Mkono wa mama ukaja juu ya mkono wake. Ulikuwa mkavu, umepasuka kwa kuchuma kahawa, na haukuwa na nguvu yoyote. Angeweza kuutikisa ukaanguka.

"Mwanangu," Anatolia alisema, karibu na sikio lake, na pumzi yake ilinuka ile kahawa. "Mimi nimeshameza. Nikirudi kijijini nitakuwa nani? Nani atakuja kunizika?"

Rwekaza alitazama dole lake. Alikuwa na maneno ya kumwambia, mengi, mengine hata ya kuchekesha, ya kumfanya acheke huku akielewa, kama alivyowafanya abiria miaka yote. Kwa dole moja hayakuandikika. Yangetoka mdomoni tu, kwa sauti, na macho, na kichwa kikiinama upande. Kioo kikazimika chenyewe.

"Ameshakubali," Ndyamukama alisema. "Ila na yeye atafune, lisije likasemwa neno kesho."

"Hawezi kutafuna, Tata! Ana waya!"

"Basi akae nayo tu."

Clavery mwenyewe ndiye aliyeileta. Alichagua punje ndogo, machozi yanamtoka kwelikweli, akamvuta mdomo pembeni kwa kidole kwa upole kama anayemlisha kifaranga, akaipenyeza kati ya shavu na meno. Ikakaa hapo. Ulimi ulikuwa ndani ya waya, haukuifikia. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mikono ya mama. Rwekaza alitikisa kichwa, taya likawaka moto, akaacha.

Afande aliandika mstari mmoja, akafunga jalada. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema kitu, akaishia kusema, "Pole, kijana."

Daktari alipopita kwenye zamu yake ya jioni aliuliza huku tayari anajua, maana habari za wodi zina miguu. "Kwa hiyo safari ya Mwanza nani anaisimamia?"

"Tutachanga," Clavery akasema haraka. "Mimi uji nitaendelea kuleta, hilo halina shaka."

"Mfupa ni mfupa," akasema Ndyamukama. "Kule Ngenge yuko mzee anaunga vizuri tu. Akitoka hapa tutampeleka."

Daktari aliutazama mguu, akautazama ule uzito mwishoni mwa kamba, akaenda kitanda kinachofuata. Lilian alitoka nje. Walimsikia kwenye veranda akiongea na Twaibu kwenye simu, anaeleza, anasimama, anaanza upya, kama mtu anayeeleza njia kwa mtu ambaye hajawahi kufika.

Ndipo Anatolia alipouachia mkono wa mwanawe. Akamimina uji wa ulezi, akauonja kama una joto, akatafuta mahali pa kupenyeza mrija. Rwekaza alitaka kwanza atoe ile punje. Akaingiza kidole shavuni, akapapasa. Ilikuwa imeshalainika na kuvunjika, vipande vimeshika kwenye waya, na kila alipovigusa vilizidi kuingia ndani.

"Acha kuchokonoa, utajiumiza," mama akamwambia, akimwondoa kidole. "Kunywa."

Alikuwa na njaa. Akavuta mrija. Uji ukapita katikati ya meno, mtamu, wa vuguvugu, ukabeba kila kilichokuwa njiani.

"Ehee," akasema Anatolia, na akamfuta kidevu.